Mwenzangu wa Sinia

Simu ya msiba ilinikuta nimepiga magoti barazani, pini mdomoni, nikipima pindo la gauni la bibi harusi mmoja wa Igunga. Ilikuwa sauti ya Mwanne, binti wa Bi Siwema, na hakusema mengi. "Mama mdogo, mama ametutoka. Alfajiri hii." Nikazitoa pini moja moja, nikazichomeka kwenye kimto chake, nikamwomba yule bibi harusi aniwie radhi, kisha nikakaa sakafuni nimeegemea mguu wa cherehani. Mungu anisamehe, nilichokifikiria kwanza hakikuwa maiti wala kaburi. Nilifikiria sinia. Katika kila shughuli ya mjini hapa Tabora, iwe harusi, maulidi au arobaini, mimi na Bi Siwema tulikula sinia moja, bega kwa bega, na watu walishazoea hata kutuwekea nafasi. Sasa nikawa najiuliza nitakaa na nani.

Baadaye kidogo ndipo nilipokumbuka kwamba mimi ni mtani wake na nina kazi ya kufanya. Bi Siwema alikuwa Mzaramo. Alikuja huku kijana, akimfuata mume aliyefanya kazi reli. Mume akafa, yeye akabaki Isevya akikaanga vitumbua. Mimi ni Mnyamwezi wa Ntalikwa. Utani wetu ulianzia njiani, zama za misafara, wapagazi wa huku walipokuwa wakitembea na pembe mabegani hadi pwani, wakafika Uzaramo wamekonda na njaa inawauma, na wenyeji wakawapa chakula pamoja na matusi. Tangu hapo tunatukanana kwa raha zetu na hakuna anayeruhusiwa kununa. Mzaramo akifa, Mnyamwezi huenda kuuvuruga msiba: huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo wake, hudai vitu, mpaka wafiwa wacheke wapende wasipende. Huo ni wajibu kama ulivyo wajibu wa kuchimba kaburi. Nami asubuhi ile sikuwa na hamu ya kumchekesha hata paka.

Nilifunga mlango wa baraza, nikapasha maji yangu ya dengu, kwa sababu hata siku ya msiba tumbo langu halitaki kungojeshwa wala kushtukizwa, nikakaa na kile kibakuli mapajani. Kila nikinywa funda, mwaka ule unarudi. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Wapo watakaosema huo si ujana tena, na kwa cheti cha kuzaliwa wana haki, lakini mimi nauhesabu ndio ujana wangu, maana ndio mwaka niliojifunza upya kula, kutembea na kukaa na watu, mambo ambayo wenzangu walijifunza wakiwa wadogo. Kabla ya hapo nilikuwa mnene. Sisemi ule unene wa kusifiwa harusini. Nasema unene wa kuogopa ngazi, wa magoti kuwaka moto, wa sukari iliyopanda mpaka nyayo zikafa ganzi, nikawa nakanyaga cherehani bila kulisikia kanyagio. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliupenda mwili ule kuliko nilivyoupenda mimi. Wageni wakifika kwake Ntalikwa alikuwa akiniita nipite mbele yao kwa kisingizio cha kuleta maji, ili wanione, na wakiniona waseme, "Mama Hadija, mwanao ameolewa pazuri." Alikuwa akijibu kwamba kabla ya kuolewa alinilisha yeye.

Ramadhani, mume wangu, ndiye aliyenipeleka Dar es Salaam kwa madaktari. Walinieleza kwamba watakata sehemu kubwa ya tumbo la chakula wabakize kipande chembamba, na daktari alipoona nakunja uso akasema kitabaki kama mkono wa blauzi. Hapo nikaelewa vizuri kuliko kwenye maelezo mengine yote, kwa maana mikono ya blauzi nimeipunguza mingi. Mama nilimwambia nakwenda kutafuta vitambaa Kariakoo. Ningemwambia ukweli angelala kizingitini nisipite. Baada ya wiki kadhaa tukarudi kwa treni, nami hata leo naikumbuka ile safari kwa harufu. Stesheni ya Saranda wauza kuku walijaa madirishani kama kawaida yao, behewa zima likawa linatafuna, mama mmoja mkarimu akanikatia paja akanisukumia. Nilimshukuru, nikalishika paja lile mkononi kama mshumaa mpaka alipolala, ndipo nikampa Ramadhani. Nilikuwa na chupa yangu ya maji, nikinywa kwa vifunda vya ndege. Ajabu ni kwamba sikuwa na njaa. Nilikuwa na huzuni tu, huzuni ya mtu aliyepita mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi akaikuta ina wapangaji wengine.

Nyumbani kwetu jikoni ni chumba chenye dirisha moja, na wiki zile za mwanzo niliishi mle. Nilichuja supu, nikachuja uji, baadaye nikaponda maharage, baadaye mayai na samaki. Daktari alikuwa amenipa maneno ya kurudi nayo: nyama, samaki, mayai na kunde kwanza, wanga baadaye kama nafasi ipo, nitafune mpaka chakula kiwe uji mdomoni, nisinywe maji pamoja na chakula, vidonge vya vitamini na madini visiniishie nyumbani, nitembee kila siku. Katika haya yote hakuna lililokuwa gumu kuliko kula taratibu. Ramadhani alikuwa akimaliza sahani yake, ananawa, anakaa kunisubiri, tunatazamana kama watu waliogombana. Aliyenisaidia ni Mama Bhavna, mke wa Mhindi mwenye duka ambaye baraza lake ndilo ninaloshonea. Ndugu yake alikuwa amefanyiwa kitu hichohicho, kwa hiyo sikumficha. Siku moja akatoka dukani na vibakuli vya stili, vidogo vya kuchovyea, akavipanga juu ya meza yangu ya kukatia. "Fundi, weka sahani kubwa juu ya kabati," akaniambia. "Ukitumia hiki kibakuli, kikijaa utaona chakula kingi. Macho pia yanataka kushiba." Kimoja ndicho hicho nilichokuwa nacho mapajani.

Mwili ukaanza kuondoka. Nilivyokuwa naufahamu mimi ulikuwa unaondoka polepole, lakini kwa majirani ulikuwa kama nyumba iliyobomoka usiku mmoja. Mashavu yakatangulia, shingo ikafuata, ngozi ya mikono ikalegea ikaning'inia. Halafu nywele zikaanza kukatika, nikizichana zinabaki kwenye kitana mafungu mafungu. Daktari alinionya kwamba itatokea na kwamba zitarudi, lakini mji haukuonywa. Nilikataa kupunguza nguo zangu, nikadhani nikivaa magauni yaleyale mapana hakuna atakayeona, kumbe ndiyo yaliyonitangaza. Wateja wakaja kushonesha vitu visivyo na maana, kifungo, lastiki, ili wanitazame. Vijana waliokuwa wakipiga pasi baraza la pili walikuwa na msemo wao kutoka Dar, na siku moja upepo ukaniletea: "Fundi kakanyaga miwaya." Maana yake kila mtu anaijua: nina ukimwi. Niliendelea kushona, lakini mshono wote ukaenda kombo nikalazimika kuufumua.

Bi Siwema na mimi tulikuwa tukifahamiana kwa matusi ya barazani tu mpaka siku ya arobaini moja huko Gongoni, ambapo tuliwekwa sinia moja na wanawake wengine watatu. Ilikuwa shughuli yangu ya kwanza tangu nirudi. Nani asiyejua sinia linavyokwenda? Mikono mitano, pilau katikati, kila mtu ana upande wake, na upande usioliwa huonekana kama jino lililong'oka. Nikala tonge dogo la nyama, nikatafuna, nikatafuna. Wenzangu wameshachimba mpaka bati limeonekana, kwangu bado mlima. Nikaanza kubana matonge na kuyashusha kwenye pindo la khanga chini ya goti. Sikujua kwamba aliyekaa kulia kwangu ananiona. Ghafla mkono mnene ukapita mbele yangu, ukazoa wali wa upande wangu, ukaupeleka mdomoni bila haya. "Mnyamwezi anachelewa kula anadhani yuko njiani kuelekea Bagamoyo," akasema kwa sauti. "Mimi simngojei." Wanawake wakacheka, na hakuna aliyenitazama tena. Tulipoinuka akaninong'oneza kwamba khanga yangu inavuja mchuzi.

Kesho yake alikuja barazani na beseni lake tupu la vitumbua, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Alikuwa amenizidi kwa miaka kama kumi, kwa hiyo nikaanza na heshima.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mpagazi wangu. Haya niambie, unaumwa nini? Na usinidanganye, mimi nimeuguza."

"Siumwi."

"Unaficha wali kwenye nguo na huumwi."

Nikatazama kama vijana wa pasi wako mbali, kisha nikamweleza yote, nikitegemea ashtuke. Bi Siwema alinisikiliza mdomo wazi, halafu akaangua kicheko mpaka beseni likamponyoka likagongagonga barazani. "Fundi kashonwa!" akasema akijifuta machozi. "Umepunguza nguo za wateja weee, mpaka na wewe umepunguzwa!" Nilijikuta nacheka naye, mara ya kwanza tangu nirudi, na kidonda changu cha ndani kikauma kwa kucheka. Nikamwomba asimwambie mtu. Akabana midomo, akapitisha kidole juu yake kama anayepiga mshono. Tangu siku ile tukawa tunakaa pamoja katika kila sinia, mimi kushoto yeye kulia, nami nikishakula vipande vyangu naacha, naye anakula upande wangu kwa niaba yangu. Magauni yangu mapana nilimpa yeye, kwa kuwa mwaka ule alinenepa kweli. "Babu zenu walibeba mizigo ya watu," akanilalamikia siku moja akijipiga kiuno, "lakini wewe umekuwa Mnyamwezi wa kwanza kumtwisha Mzaramo." Gauni alilolipenda zaidi lilikuwa la kijani lenye maua meupe, ambalo mimi nililivaa siku ya Idi kabla sijaenda Dar.

Yeye ndiye aliyenitoa kutembea pia. Akimaliza vitumbua, jua likipungua, tulikuwa tunashika njia ya Kwihara, njia waliyoipita wapagazi. Mwanzoni nilifika kwenye kona tu nikakaa juu ya jiwe, moyo unadunda, na Bi Siwema anasimama mbele yangu mikono kiunoni akiniuliza kama hao babu zangu walikuwa wakibebwa kwenye machela. Kidogo kidogo kona ikawa karibu. Nilijifunza kunywa maji njiani kabla ya kiu, nikajifunza kutovaa kandambili, nikagundua kwamba baridi ya Julai inanipata kuliko zamani, kwa maana blanketi langu la nyama nimelivua. Siku tuliyofika Kwihara kwenyewe sikuhema sana. Tulikaa ukingoni mwa barabara, yeye akala karanga, mimi nikala karanga chache nikizitafuna mpaka zikawa siagi, tukarudi bila kusema lolote la maana. Nilikuwa na furaha siku ile, nalisema wazi.

Lakini Ijumaa zilikuwa zinanimaliza. Kila Ijumaa nilikwenda Ntalikwa kumwona Mama, na kwa Mama hapakuwa na kibakuli cha stili wala mtani wa kunilia. Kulikuwa na chumba kile chenye moshi, kigoda changu cha tangu utoto, na ugali wa udaga wa muhogo uliosongwa ukakaza, na mlenda, na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, yaliyopikwa kwa karanga kwa sababu ndiyo niliyoyapenda nikiwa msichana. Mama hali mpaka nimeanza mimi. Ananitazama mkono unavyokwenda. Nami, ili nimwonyeshe kwamba ni mzima, nikawa nakula kama zamani, matonge makubwa, haraka haraka, na ugali unakwama hapa chini ya kifua kama mtu amekaa juu yangu. Najikaza kisabuni. Kisha nasingizia kwenda uani, nakwenda kutapika nyuma ya banda la kuku. Yaani nilikuwa nakula ili asinidhanie mgonjwa, na kule kutapika ndiko kulikomwonyesha mgonjwa. Nilipompigia daktari simu kumweleza alinikaripia: nikiendelea hivyo nitajiumiza, na atakayenishona mara ya pili hayupo. Nikamwitikia vizuri sana. Ijumaa iliyofuata nikala tena.

Siku moja nikiwa kule nyuma ya banda nikamsikia Mama na jirani yake, Mama Kulwa, wakizungumza jikoni. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa miti, kila neno linapita.

"Ameanza dawa?" Mama Kulwa akauliza.

"Sijui. Haniambii kitu."

"Mdogo wangu wa Usinge alianza hivihivi. Nywele kwanza."

"Mayo wane," Mama akasema, mama yangu wee, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Nitamzika mimi? Mtu niliyemlisha kwa mkono huu?"

Ningeweza kuingia nikamwambia palepale. Nilisimama na kuku miguuni mwangu, maneno yako tayari, na miguu ikakataa. Niliona haya ya ajabu: kumwambia mama yangu kwamba kile alichokijenga kwa miaka yote ile nimelipia kikatwe kikatupwe kwenye ndoo huko Dar. Niliona afadhali aniogopee kuliko anichukie. Nikanawa mdomo, nikaaga.

Kabla ya mwezi kwisha akanitumia ujumbe kwamba Jumamosi kuna kisomo kwake nisikose. Nikadhani ni hitima ya marehemu baba. Nikamchukua Bi Siwema, maana pilau lipo na sina mwingine wa kulila. Tulipofika uani palikuwa pamejaa, mikeka imetandikwa, mbuzi ameshachunwa, shehe na vijana wake wamekaa, na wanawake waliponiona wakanyamaza kwa upole wa namna fulani, wakanipisha, mmoja akaniwekea mto. Bado sikuelewa. Wakasoma Yasini. Kisha shehe akaelekeza uso upande wa wanawake, akauliza kwa adabu, "Mgonjwa wetu amefika?" Vichwa vyote vikanigeukia. Mama akanyoosha mkono kunionyesha, na dua ikasomwa, nimekaa katikati nimetazama vidole vyangu, naombewa nisife.

Kwa desturi ya kwetu, anayeombewa ndiye anayeanza kula, na hakuna anayegusa chakula kabla yake. Masinia yakaletwa. Watu wakanawa. La kwangu Mama alilileta mwenyewe, akaliweka mbele yangu, pilau limerundikwa na ini la mbuzi juu, akapiga magoti kando yake, akakata tonge akalikanda kwa vidole vyake, kubwa, kama la zamani, akanisogezea mdomoni. Ua mzima mikono imelowa inangoja. Nilijua nikilila litakwama, nitatapika mbele ya shehe, na huo ndio utakuwa ushahidi wao. Nikilikataa nitakuwa nimemkataa mama yangu hadharani. Tonge likagusa mdomo wangu. Harufu ya bizari, na mkono wa mama yangu. Nikafungua kinywa.

Bi Siwema akalinyakua sinia. Simaanishi alilisogeza, alilinyanyua akasimama nalo kifuani, wali unamwagika, akapaza sauti mpaka kuku wakakimbia. "Wanyamwezi nyinyi mna wazimu! Mnamwombea mzima? Huyu hana ugonjwa! Amekwenda Dar kukatwa tumbo, limebaki kama mkono wa blauzi, mkimtia tonge hilo atapasuka kama puto! Mbuzi huyu wa wagonjwa, na mgonjwa hayupo, basi anarudi Uzaramo kulipa deni la babu zenu!" Kicheko kikalipuka ua mzima, shehe naye akajifunika mdomo kwa kanzu. Walicheka kwa sababu hawakumwamini. Mtani akisema jambo la ajabu, nani ataliamini? Nilipandwa na hasira, kwa kuwa aliniahidi, na papo hapo nikaelewa kwamba hajanifichua bado. Amefungua mlango tu, na kupita au kutopita ni juu yangu. Mama peke yake hakucheka. Lile tonge lilikuwa bado vidoleni mwake. "Hadija," akasema taratibu, "huyu anasema nini?"

"Anasema kweli, Mama," nikajibu. "Siumwi. Nilikatwa tumbo. Sukari ilikuwa inaniua, nikakatwa ili nipone, na nimepona. Niliogopa kukwambia."

Aliniinua akanivuta chumbani kwake, akafunga mlango, akaniambia nivue. Nikamwonyesha vile vikovu. Ni vidogo, vimetawanyika, kila kimoja kama tundu la kifungo. Akavigusa kimoja baada ya kingine. "Ndivyo hivi tu?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. Akakaa kitandani. Nilitegemea ashukuru kwamba sifi, nayo shukrani ilikuja baadaye, lakini kwanza alikasirika, na hasira yake siisahau. "Nilikuwa nakunyima nini mpaka ukaenda kujikata?" akasema. "Mwaka wa njaa nililala bila kula ili wewe ule. Kile kilichotupwa ni changu pia." Tulikaa vile, mimi nimejifunga khanga yake, tukisikiliza watu wakila huko nje kwa makelele na Bi Siwema akiwatukana. Hatimaye Mama akainuka, akafungua kabati lake, akatoa kikombe cha kahawa kisicho na mkono, cha maua mekundu, alichokuwa akikitumia baba. "Chakula cha kujaa hiki kinaingia?" akauliza. Nikamwambia kinaingia, kikiwa nyama kwanza. Akatoka nje nacho, akakiinua juu mbele ya wageni wote, akatangaza kwamba tumbo la mwanawe ni hili, na atakayempa zaidi ya hili atajibizana naye. Akakijaza vipande vya ini, akavikatakata mwenyewe, akaniletea. Nilikula taratibu, na chote kikatulia.

Nikiwasimulia wadogo habari hizi husubiri niwaambie kwamba mwaka ule uliisha kwa mimi kuwa mwembamba na mrembo. Uliisha kwa ngozi kulegea, nywele kurudi fupi kama za mtoto, sukari kushuka, na nyayo zangu kulisikia tena kanyagio la cherehani. Yapo mambo ambayo hayakwisha. Vidonge navimeza hadi leo. Zipo siku natamani kula mpaka nichoke, nalia kidogo, basi. Mama alinijazia kikombe kile mpaka alipofariki, na baada yake nilibaki na Bi Siwema.

Maji ya dengu yalikuwa yamekwisha, na adhuhuri imeshapita. Nikaoga, nikaenda Isevya. Walikuwa wamekwisha kumzika, wanaume wamekaa turubai la nje, wanawake wamejaa ndani, na Mwanne ameketi pembeni mwa mkeka, macho makavu, midomo imepauka. Shangazi yake akaninong'oneza kwamba tangu alfajiri hajalia wala hajaonja hata maji, wamembembeleza wamechoka. Niliingia chumba cha marehemu. Gauni la kijani lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, limefifia, kwapani limetiwa kiraka ambacho sikukitia mimi. Lilikuwa na harufu ya mafuta ya vitumbua. Hapo ndipo nililia, uso nimeuficha humo humo kwenye kitambaa, mpaka nikasikia masinia yanapita. Nikajifuta, nikalivaa juu ya nguo zangu. Nilielea ndani yake. Ningeweza kumweka mtu mwingine humo.

Nikatoka kwa mwendo wake, kiuno mbele, mkono mmoja nimeshika beseni la vitumbua. Wanawake wakaanza kugunaguna kwa kicheko. Nikaenda moja kwa moja kwenye sinia lililowekwa mbele ya Mwanne, nikakaa upande wa kulia, upande wa mama yake. "Hodi wafiwa," nikasema kwa sauti ya Bi Siwema. "Mimi Mnyamwezi. Mama yenu alinibebea mzigo wangu miaka yote hii, ameondoka hajaukabidhi. Nimekuja kuuchukua." Nikazoa wali wa upande wa mbele yangu, tonge kubwa, kama alivyokuwa akizoa yeye, nikalisogeza karibu na mdomo. Kicheko kikaenea chumba kizima. Mwanne naye akacheka, kwa mlio mmoja mfupi, kama mtu aliyechomwa sindano, na kilio kikatoka nyuma yake chote kwa pamoja.

Mimi nikabaki na tonge mkononi. Nilikuwa nimefanya kazi yangu, lakini tonge lile sikuweza kulila, na kulirudisha kwenye sinia mbele ya watu ni aibu. Mwanne akaliona. Alijua, amekua akituona. Akapangusa uso kwa upande wa khanga, akanishika kiganja, akalichukua.

"Lete, mama mdogo," akasema. "Nitakula kwa niaba yako."

Akala.